Bafe Ndani ya Foronya Yangu

Watu wakisikia niliumwa na nyoka hutaka kuuona mkono kwanza, habari baadaye. Basi nianze na mkono. Ni wa kulia. Kidole cha shahada kimekatwa, kidole gumba kimekauka hakipindi, na ngozi ya nyuma ya kiganja imejikunja na kung'aa. Umeshaona. Sasa kaa usikilize, maana sikukubali kuandika haya ili mtu anihurumie. Juzi hapa mjini Koboko kuna mke wa watu kaumwa mguuni, na mumewe akaja mbio kuniuliza afanye nini. Yale aliyokuwa ameshamfanyia kabla ya kuja kuniuliza yalinifanya nitamani kumpiga mwiko wa kichwa.

Usifunge. Hilo ndilo la kwanza. Mimi nilifungwa tyubu ya baiskeli juu ya kiwiko, ikavutwa na wanaume wenye nguvu zao, tena kwa mapenzi. Daktari aliniambia baadaye kwamba kidole changu kiliuawa na wawili, nyoka na tyubu, naye hakujua nani alikimaliza. Usichanje kwa wembe. Usibandike jiwe jeusi la kunyonya sumu. Vua pete na bangili mapema, kabla hazijazama kwenye nyama. Ulaze mkono, usiutikise, upelekwe hospitali. Na wenye ushauri mwingine waambie wakautumie kutafuta gari.

Haya, kisa chenyewe. Mimi ni Candiru, mzaliwa wa Logiri, Mlugbara, nimekulia kanisani. Niliolewa Koboko na Taban, Mkakwa na Mwislamu, fundi wa baiskeli, mtu mpole ambaye upole wake umenigharimu. Tuliishi uwanja mmoja na mama yake na mdogo wake, Khemis. Mama mkwe hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa "yule Mlugbara", hata nikiwa nimesimama mbele yake na sahani ya chakula chake mkononi.

Kazi yangu ilikuwa kutarizi. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza. Wake wa askari na wa makarani walinijia kutoka Arua, kwa sababu ndege wangu walikuwa na manyoya unayoweza kuyahesabu. Kazi hiyo ni ya vidole viwili, gumba na shahada. Vingine vinasindikiza tu.

Miaka hiyo Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na maduka yao yalibaki na vumbi na viberiti. Sukari, chumvi na sabuni vilipita kwa magendo. Nyumba yenye sukari ilinyamaza, maana jirani akijua atakuja na kikombe, na askari akijua atakuja na gunia. Kwetu sukari ilikaa chumbani kwa mama mkwe, ndani ya mtungi chini ya kitanda chake, naye aliipima kwa macho asubuhi na jioni. Iliingia nyumbani kupitia Khemis.

Khemis alikamata nyoka. Kulikuwa na kituo njia ya Aroi, nje kidogo ya Arua, ambako walifuga nyoka, wakawakamua sumu na kutengeneza dawa ya walioumwa. Kituo hakikulipa shilingi, kwa kuwa shilingi haikuwa na la kununua. Mwenye kuleta nyoka hai alichagua mwenyewe: achukue sukari, au awekewe chupa ya dawa kwa jina lake, imngoje siku atakayoumwa. Nilimwambia Khemis sitaki nyoka ndani ya uwanja nilalamo. Akakubali. Khemis alikuwa mtu wa kukubali kila kitu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, watu wanatafuta mbegu, baba yangu mdogo alipokuja kutoka Logiri kunitazama. Alileta kuku na simsim. Mama mkwe alikuwa amekwenda mazishini. Kumpa baba mdogo chai kavu ingekuwa sawa na kumtuma Logiri akatangaze kwamba binti yao anakufa njaa. Kwa hiyo niliingia chumba cha mama mkwe, nikapiga magoti, nikauvuta mtungi wa mbele, nikaondoa kitambaa na kutia mkono.

Kabla ya uchungu nilisikia pumzi. Mtu mnene akipumua kwa hasira, ndivyo bafe anavyolia. Nikafikiri kuna mtu chini ya kitanda. Kisha mkono ukawaka moto.

Sitaeleza sana uchungu wake, anayeujua anaujua. Nitasema tu kwamba nilipotoka nje mkono ulikuwa umeshavimba hadi kwenye kifundo, na pete yangu ya ndoa ilikuwa imeanza kuzama. Baba mdogo alinilaza chini. Taban akaja mbio kutoka kwenye banda lake na tyubu mkononi, akanifunga huku analia. Khemis alipita kando yetu, akaingia chumbani, akatoka na mtungi kaukumbatia.

"Nimeitoa," alisema. "Hapana ogopa tena, shemeji."

Nilifikiri anakwenda kumuua. Nikamshukuru. Mpaka leo shukrani hiyo inaniuma.

Lori la tumbaku lilitufikisha hospitali ya Arua giza limeingia. Kuanzia hapo makao yangu yakawa koridoni. Wodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo nililala kwenye mkeka kando ya mlango, kila anayepita akiniruka. Nesi mmoja alikata tyubu kwa mkasi na kumtukana Taban tusi ambalo sijalisikia tena kwa mwanamke aliyevaa nyeupe. Nikampenda papo hapo. Ndiye aliyekata pete pia, polepole, kwa koleo dogo, akinisimulia habari za mbuzi wake ili nisitazame. Mkono ulikuwa mkubwa kuliko paja langu. Malengelenge yalitoka, meusi, yamejaa maji. Kufikia kesho yake fizi zilivuja damu bila kuguswa, na pale nilipochomwa sindano damu ilitiririka haikomi.

Hilo la fizi ulikumbuke. Ukiona hivyo usikubali kuambiwa ungoje. Sumu bado inafanya kazi.

Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Alisema dawa yenyewe wao hawana, imekwisha, na kituo cha nyoka wanayo ila wameikalia. Taban akaenda Aroi kwa baiskeli ya kuazima, akarudi mikono mitupu.

"Wanasema iko na wenyewe," aliniambia.

"Wenyewe nani?"

"Wakamataji. Wanasema dawa iko kwa jina ya watu."

"Na mimi sina jina?"

Nikamwambia anipeleke mimi mwenyewe, nikafie mlangoni kwao, wapate kazi ya kuzika. Nesi akanifunga mkono kwenye ubao, akaweka mto juu ya kariya ya baiskeli, na Taban akanikokota hivyo, yeye anatembea, mimi nimekaa ubavu naona ukungu. Kila jiwe la barabara lilipanda hadi kwenye meno.

Nimekaa katika vyumba vingi vya kungojea tangu hapo, lakini sijaona kama cha kituo kile. Banda la mabati na mabenchi marefu, wakamataji wamekaa kwa utulivu, kila mtu na nyoka wake kati ya miguu. Mwingine kwenye gunia, mwingine kwenye kibuyu, mwingine kwenye chungu kilichozibwa na majani. Magunia yalikuwa yanapumua. Kulinuka panya, kwa maana panya walifugwa pale kulisha nyoka, na panya hao walikuwa wanono kuliko kuku wa Koboko. Mle ndani watu na nyoka walikuwa wanatunzwa, mimi tu nilikuwa mgeni. Hakuna aliyenipisha kwenye benchi mpaka nilipotapika.

Mkuu wa kituo alitoka na buti za mpira na chupa ya chai mkononi. Simtaji jina, na hata angekuwa hai nisingemtaja. Hakuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliutazama mkono wangu kama mtu anayetazama mahindi yaliyooza shambani kwa jirani.

"Hapa hapana hospitali," alisema. "Hospitali iko mujini."

"Hospitali ndio imetuma mimi," nikasema.

"Dawa iko kidogo. Farasi iko tatu, na wilaya iko mzima. Mutu analeta nyoka, anasema mimi nataka dawa, tunamwekea. Wewe ulileta nyoka gani?"

"Mimi niliumwa."

"Kuumwa na kuleta hapana moja."

Wakamataji wengine wakacheka. Taban akaanza kueleza kwa upole wake, kwamba tunatoka Koboko, kwamba nyoka ni bafe, kwamba alikuwa ndani ya nyumba. Mzee mmoja kwenye benchi akainua kichwa.

"Bafe ya Koboko? Iko ilikuja ile siku tulikuwa na mvua kubwa. Mimi nilikuwa hapa. Jike. Kubwa sana."

Hapo uso wa mkuu ukabadilika, ukawa wa mtu anayetajiwa mtoto wake aliyefaulu mtihani. Alisema hajapata bafe wa namna hiyo msimu mzima, tayari ameshakamuliwa na sumu yake ni nyingi. Akatuita tuje tumwone. Nilikuwa natoka damu mdomoni na yule bwana ananitembeza kama mgeni wa serikali. Tulipita zizi la farasi, wa kwanza kuwaona kwa macho yangu. Walikuwa na shingo zilizonyolewa na alama za sindano, na macho ya subira. Akasema hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yao izoee, kisha dawa hutolewa kwenye damu hiyo. Niliwaonea huruma farasi. Kwake yeye sikuwa na huruma hata ya kumpa panya.

Chumba cha nyoka kilikuwa na masanduku ya mbao yenye nyavu, moja juu ya jingine. Bafe alikuwa chini, mnene, amejilaza bila haraka. Ningeweza kusema sikumjua, kwa sababu ya mtungini sikumwona, nilimsikia tu. Lakini juu ya sanduku lake, kwenye msumari, ilining'inia foronya.

Ilikuwa na ndege. Ndege mwenye jicho moja jekundu na jingine la kahawia, kwa kuwa uzi mwekundu uliniishia usiku wa kuamkia harusi yangu.

"Hii iko ya nani?" nikauliza.

"Nyoka ilikuja ndani yake," mkuu akasema. "Kijana moja, jina yake Khemis. Akachagua sukari. Mimi nilimuuliza, iliuma mutu? Akasema hapana."

Nilimtazama Taban. Alikuwa anatazama sakafu.

"Foronya ziko mingi," alisema taratibu.

"Taban. Tazama macho ya huyo ndege."

Hakutazama, hakuwa na haja. Alikuwa amelalia foronya hiyo tangu tuoane.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu wagonjwa wengi hulipitia na hakuna anayewaambia. Kuna saa unagundua kwamba watu wa nyumbani kwako wameshakuhesabu kuwa umekufa, na wanagawana. Saa hiyo ni mbaya kuliko sumu. Mimi nilikuwa nimelazwa mkekani, Khemis kaja mji huohuo nilimolazwa, na nyoka aliyeniuma, ndani ya foronya yangu, kaulizwa dawa au sukari, akasema sukari. Kisha karudi nyumbani bila hata kupita hospitali.

Nilirudi bandani kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba, miguu ilikuwa imeshakataa. Nikasimama mbele ya mabenchi.

"Nipe nyoka yangu," nikamwambia mkuu.

"Nini?"

"Ile bafe ni yangu. Nyinyi wote hapa munawinda," nikawageukia wakamataji. "Nyasi ikichomwa, mnyama ni ya nani? Ni ya mutu mkuki yake imetoa damu kwanza. Mwingine akimaliza yeye, anapata mguu tu. Ni uongo?"

Wakasema si uongo. Kwetu na kwa Wakakwa sheria ni hiyohiyo, na watu wamepigana mapanga kwa ajili yake.

"Basi. Kati ya mimi na ile nyoka damu imetoka. Kati ya Khemis na ile nyoka, damu gani imetoka? Yeye alikuta kitu iko na mwenyewe."

Palikuwa na kunong'ona. Yule mzee aliyemkumbuka bafe akakuna kidevu.

"Mama, damu iko yako. Hapana ya nyoka. Hapo nyoka ndio mwindaji. Wewe ndio mnyama."

Wote wakacheka, na mkuu akacheka kuliko wote, mpaka chai ikamwagika. Nami sikuwa na nguvu ya kubishana, nikakubali.

"Sawa," nikasema. "Mimi ni mnyama. Mimi ni ya nyoka. Na nyoka ni ya nani? Ya huyu bwana, amenunua na sukari. Basi mimi ni mnyama ya huyu bwana. Farasi yake ikiumwa na nyoka yake, yeye anaifanya nini? Anaitazama ife?"

Kicheko kikakatika. Mzee akamtazama mkuu. Wengine nao wakamtazama.

"Anachoma yeye dawa," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Basi achague," nikasema. "Anipe nyoka yangu nirudi nayo Koboko, au anitibu kama farasi."

Mkuu akaanza kusema habari za utaratibu. Mzee akainama, akalinyanyua gunia lake begani, na gunia likapuliza pumzi nyuma ya sikio lake. Akasema hesabu ikiwa ni hiyo yeye anarudi nyumbani na nyoka wake, kwa sababu iko siku na mke wake ataumwa. Aliyekaa karibu naye akasimama pia. Kisha Taban, ambaye sikuwa nimemsikia akipaza sauti tangu nimjue, akasema:

"Foronya ni yetu. Khemis ni ndugu yangu, tumetoka tumbo moja. Alidanganya nyinyi. Nyoka ni ya mke yangu."

Alisema mbele za watu. Kwao jambo la namna hiyo halisemwi mbele za watu. Nimekuwa na ugomvi mwingi na Taban tangu hapo, na kila nikitaka kumtupia virago, nakumbuka siku hiyo.

Mkuu alimwaga chai yake chini, chai tamu, miaka ile, akiitazama inavyomezwa na vumbi. Akaijaza chupa barafu kutoka kwenye friji ya mafuta ya taa, akatia dawa ndani. Akaniwekea chupa kwenye mkono mzima bila kuniangalia.

"Murudishe ile chupa ya chai," alisema.

Hatukuirudisha.

Dawa ilipita kwenye dripu hospitalini alasiri hiyo, na kesho yake asubuhi fizi zilikuwa zimekauka. Nesi alinipa maji nisukutue, nikatema, yakatoka meupe, akaenda kuwaita wenzake waje watazame mate yangu. Kidole kilikuwa kimeshachelewa. Kilikuwa cheusi na baridi, hakikuwa cha mtu. Walikikata, na mimi ndiye niliyewahimiza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya, basi nakuonya wewe. Baada ya siku kadhaa, unapodhani umepona, mwili unaweza kuvimba mabaka, viungo vikauma kana kwamba umelima shamba la watu, homa ikapanda. Nilidhani ni sumu imerudi, nikaaga. Nesi akasema ni dawa ya farasi, mwili unaikasirikia, itapita. Ilipita. Rudi hospitali ukiona hivyo, lakini usiage watu.

Sikurudi Koboko. Baba mdogo alinichukua Logiri, na huko nikakaa hadi kupanda kukaisha, palizi ikapita. Kila wiki nilikwenda zahanati kuoshwa kidonda kwa maji ya chumvi, nikiuma kitambaa. Nilijifunza kuvaa, kula na kujikuna kwa kushoto. Nilijifunza kushika sindano kwa kushoto. Ndege wa kwanza alifanana na kandambili. Nilimkata vipande kwa mkasi, kisha nikalia, kisha nikaanza mwingine.

Taban alikuja kila alipopata gari. Ni yeye aliyeniletea maneno ya Khemis. Alikuwa amemuuliza ndugu yake kwa nini, naye akajibu bila aibu: "Mimi nilijua yeye iko anakufa. Sasa sukari nayo ipotee?" Muda mfupi baadaye Khemis akaenda Sudan, sijui kufanya nini, na hakuna aliyeniona nikiuliza.

Na ni Taban aliyenieleza habari ya mtungi. Khemis hakumficha mama yake kwamba analeta nyoka nyumbani. Sukari ilikuwa inapungua, na mama mkwe alikuwa na hakika kwamba yule Mlugbara anaipeleka kwao Logiri. Kwa hiyo kila Khemis alipokuwa na nyoka anayengoja kupelekwa, mtungi wake uliwekwa mbele ya mtungi wa sukari, umefunikwa vivyo hivyo, uulinde. Wao wawili walijua, mimi na Taban hatukujua. Nyoka alikuwa mlinzi. Na mwizi aliyewekewa mlinzi huyo nilikuwa mimi.

"Sasa mama anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema sukari bado inapungua," Taban akajibu. "Wewe ulikuwa hospitali, inapungua. Ukaja hapa Logiri, inapungua. Khemis amekwenda, imesimama."

Nilirudi wakati wa kumbikumbi, uwele umeshavunwa. Sikurudi kwa sababu nilikuwa nimesamehe. Nilirudi kwa sababu ile ilikuwa nyumba yangu na sikuona kwa nini niwaachie. Nilipika chakula changu kwenye jiko langu, nikanywa chai kavu. Mama mkwe alikaa kwake, mimi kwangu, uwanja katikati. Akinitumia kikombe cha chai yenye sukari, nilikimwaga kwenye migomba mahali anapoweza kuona. Nilifanya hivyo hadi nyasi zikachomwa, hadi mvua zikarudi. Watu wa kanisani kwetu walinisema. Hawakuwa wametia mkono wao mtungini.

Kisha siku moja, mchana kweupe, alivuka uwanja. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule. Alikuwa ameukumbatia mtungi wa sukari, akauweka miguuni pangu nilipokuwa natarizi.

"Candiru," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Kutoka leo, wewe ndio unaweka sukari. Mimi nimechoka kulinda. Fungua utazame, iko nusu."

Niliutazama ule mtungi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kitambaa, vivyo hivyo kama siku ile. Mkono wangu wa kulia, huu uliokauka, ulijificha wenyewe chini ya kitenge. Nilijua kuna sukari. Nilijua pia kwamba mara ya kwanza nilijua hivyohivyo.

"Fungua wewe," nikasema. "Tia mkono wewe kwanza, mama."

Alinitazama. Angeweza kukasirika, na alikuwa na haki ya umri wake. Badala yake alipiga magoti kwa taabu, akaondoa kitambaa, akakunja mkono wa nguo yake, akautia mkono wa kulia ndani, ukazama hadi karibu na kiwiko. Akaugeuza huku na huku taratibu, nikasikia sukari inasugua udongo.

Hakuutoa. Alikuwa anangoja niseme inatosha.

Nilichukua sindano yangu, nikamalizia jicho la ndege niliyekuwa naye. Lilikuwa jekundu, nami sikuwa na haraka. Lilipokwisha nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno, na yeye bado amepiga magoti, mkono uko mtungini. Ndipo nikaweka kitambaa kando, nikautoa mkono wangu chini ya kitenge, nikautia humo karibu na wake.